Hamira ya ndoo iliyopita

MASWALI YENU KUHUSU UPISHI WA BIA

Tangu tueleze namna ya kupika bia ya kimea cha shayiri kwenye ndoo ya lita 20, barua nyingi zinarudi kwenye hamira. Pakiti ya gramu 11 ya hamira kavu ya bia haipatikani kila duka, na ikipatikana bei yake inauma. Wakati huohuo kila mnapoosha ndoo mnamwaga mashapo yenye hamira ya kutosha ndoo tatu nyingine. Safari hii tunajibu maswali ya mashapo hayo tu. Vipimo vyote, pasipotajwa vingine, ni vya lita 20 za bia ya kawaida, yaani maji ya kimea yanayosoma karibu 1.048 kwenye haidromita (kipimo cha sukari iliyomo) kabla hayajaanza kuchacha.

*Shikamooni wataalamu. Mimi hutumia pakiti mpya kila ninapopika. Nimeambiwa mashapo yanaweza kutumika tena, ila lazima yaoshwe mara tatu kwa maji yaliyochemshwa. Naomba hatua zake, na chombo gani kinafaa kuhifadhia.*
*— Msomaji, Arusha*

Marahaba. Tuanze na hilo la kuosha, maana hapo ndipo kazi nzuri inapoharibika: usioshe. Bia iliyokwisha kuchacha ina kileo, ina uchungu wa hopsi (maua yanayotia bia uchungu), na uchachu wake uko karibu pH 4.3. Vitu vitatu hivyo ndivyo vinavyowazuia bakteria wasistawi ndani ya chupa yako. Ukimwaga bia hiyo na kuweka maji, umeivua hamira nguo yake ya kujikinga, umepandisha pH, na kila ulipomimina kutoka chombo kimoja kwenda kingine umefungua mlango kwa vijidudu. Faida unayopata ni mashapo meupe ya kupendeza macho. Hamira ikae chini ya bia yake mwenyewe hadi siku ya kupika.

Sasa hatua. Hakikisha kwanza bia imemaliza kuchacha: haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo. Siku ya kujaza chupa usikaushe ndoo. Acha bia kiasi cha nusu lita hadi lita moja juu ya mashapo.

Kabla ya hapo uwe umechemsha chupa mbili au tatu za mdomo mpana, za jemu au asali, pamoja na vifuniko vyake, dakika 15, zikapoa zikiwa zimefunikwa. Futa mdomo wa ndoo kwa spiriti ya asilimia 70. Jeli ya kusafishia mikono haifai, kwa kuwa ina vilainishi na manukato. Kisha izungushe ndoo mpaka mashapo yaachie kitako na kuwa kama uji mwepesi. Iache itulie dakika 10 hadi 15. Katika muda huo hopsi na takataka nzito za kimea hushuka kwanza, hamira ikibaki imeelea. Mimina taratibu kutoka juu hadi chupa zifike robo tatu, na yale ya chini kabisa yaache yaende na maji ya kuoshea.

Funika kwa kulegeza. Hili halina mjadala. Hamira bado inapumua na gesi inatoka. Kifuniko kikikazwa, chupa ya kioo hupasuka ndani ya friji na vipande vikaruka kama vya bomu. Zungusha kifuniko kidogo tu, au funika kwa foili iliyopuliziwa spiriti. Andika juu ya chupa tarehe, aina ya hamira, bia iliyotoka, na ni mara ya ngapi inatumika. Weka ndani kabisa ya friji, nyuzi 1 hadi 4. Usiweke mlangoni, kwa kuwa huko joto hupanda kila mtu anapochukua maziwa.

Kesho yake itazame chupa kwenye mwanga. Utaona tabaka tatu. Juu kuna bia iliyotulia. Katikati kuna tabaka zito lenye rangi ya krimu, laini kama maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji machache. Hiyo ndiyo hamira unayoitaka. Chini kuna mstari wa kahawia au kijani wenye chembechembe: ni hopsi, protini na hamira iliyokufa. Siku ya kupika toa chupa friji saa moja au mbili kabla, mwaga bia ya juu, chota krimu kwa kijiko kilichochemshwa, achana na ya chini. Hakikisha tofauti ya joto kati ya rojo la hamira na maji ya kimea haizidi nyuzi 5 au 6. Hamira ikitoka baridi na kutumbukia kwenye joto ghafla hushtuka, ikachelewa kuanza.

Kuhusu usafi: ukitumia jiki kwenye ndoo, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 za maji baridi kinatosha, dakika 20, kisha suuza vizuri kwa maji yaliyochemshwa. Klorini ikibaki, bia hupata harufu ya dawa ya hospitali ambayo haiondoki. Na kamwe usichanganye jiki na siki au asidi yoyote. Gesi inayotoka ni sumu.

*Habari zenu. Ndoo yangu ya kwanza kwa hamira ya pakiti ilishuka vizuri kutoka 1.050 hadi 1.011. Ya pili, kwa mashapo yaleyale na kimea kilekile, imegota kwenye 1.022 na sasa ni siku ya tisa. Mashapo nilimwaga yote. Je, hamira imechoka? Na nijaze chupa au nisubiri?*
*— Msomaji, Nairobi*

Usijaze chupa. Kama hamira imesimama na sukari ikiwa bado ipo, siku itakapoamka ndani ya chupa zilizofungwa, zitapasuka.

Kwa idadi, hamira haikupungua. Ulimwaga hata zaidi ya inayohitajika. Tunachokishuku kwanza ni hewa. Hamira kavu hukuzwa kiwandani kwa kupuliziwa hewa nyingi, na kila seli hutoka ikiwa na akiba ya mafuta inayoyahitaji kujenga utando wake inapozaliana. Ndiyo maana ndoo ya kwanza hufanikiwa hata kama hukutikisa kitu. Lakini kila seli inapojigawa, akiba hiyo hugawanywa kati ya mama na mtoto, na mwisho wa uchachuaji wote wanabaki mikono mitupu. Akiba mpya hawawezi kuitengeneza bila oksijeni. Kwa hiyo sheria ni hii: pakiti mpya ya hamira kavu inaweza kusamehe maji ya kimea yasiyo na hewa, mashapo hayasamehi.

Huko uliko kuna jambo la ziada. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 na kitu, na msukumo wa hewa ni kama nne ya tano ya ule wa Mombasa. Maji ya kimea ambayo pwani yangeshika miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita, kwako yatashika kama 6.5 hata ukitikisa kutwa. Kwa hiyo lile la kutikisa usilifanye kwa kubahatisha. Maji ya kimea yakishapoa chini ya nyuzi 25, yamimine kutoka ndoo safi moja hadi nyingine, kutoka juu, mara 8 hadi 10, mpaka povu lijae nusu ya ndoo. Ndipo uweke hamira. Usifanye hivyo yakiwa moto, na usifanye tena uchachuaji ukishashika kasi. Hewa inayoingia wakati huo huipa bia ladha ya boksi lililolowa.

Chakula nacho huchangia. Chukua kijiko kimoja cha chai cha hamira ya mkate, kitupe kwenye sufuria dakika 10 kabla ya kuzima moto. Joto litaiua, na mabaki yake yatakuwa lishe ya hamira hai utakayoweka baadaye. Huu ni ujanja wa bei ndogo na tunaupendekeza kwa kila anayerudia mashapo.

Kwa ndoo uliyo nayo sasa: jaribu kwanza haidromita kwenye maji safi ya nyuzi 20, isome 1.000. Kisha pandisha joto hadi nyuzi 22 au 24 kwa kuizungushia blanketi, na izungushe ndoo polepole bila kufungua ili hamira iliyolala chini ielee tena. Subiri siku 3. Isiposhuka, amsha kijiko cha hamira mpya ndani ya nusu lita ya maji ya kimea, na povu likiwa juu kabisa ndipo umimine. Na kwa siku zijazo, siku ya kupika weka pembeni kikombe kimoja cha maji ya kimea, kitie hamira nyingi, kikae mahali pa joto. Kikombe hicho kitamaliza kwa siku 2 na kukuonyesha namba ya chini kabisa ambayo ndoo yako inaweza kufikia. Kama kikombe nacho kimesimama 1.020, basi hamira haina kosa: kimea kililowekwa kwenye maji ya moto mno, nyuzi 70 na kuzidi, kikatoa sukari ambazo hamira haiwezi kuzila.

Sasa hilo la kumwaga mashapo yote. Ndoo moja hutoa mililita 600 hadi lita nzima ya mashapo. Unachohitaji ni mililita 150 hadi 200 za krimu nzito, iliyokaa friji isiyozidi wiki moja. Ikiwa na wiki tatu au nne, chukua 300, kwa kuwa nyingi zimeshakufa. Bia nzito ya 1.060 inataka kama 250 za krimu mpya, na bia ya lager inayochachushwa kwenye baridi inataka maradufu. Ukiwa na mizani ya jikoni pima kwa gramu; mililita na gramu hapa hazipishani sana. Ukimwaga mashapo yote, seli hazizaliani vya kutosha, joto linaruka siku ya kwanza, povu linapanda hadi kwenye kizibo cha hewa (kile kinachotoa gesi bila kuingiza hewa), na takataka zote za ndoo ya kwanza unazihamishia ya pili. Tunairuhusu kwa bia kali sana tu, ya 1.080 na kuendelea, nayo ni safari ya mwisho ya hamira hiyo.

*Chumba changu ni nyuzi 30 mchana na usiku hazishuki chini ya 27. Umeme unakatika hata saa nane mfululizo. Friji ninayo lakini siitegemei. Kuna namna ya kutunza hamira kwa mazingira haya?*
*— Msomaji, Dar es Salaam*

Zipo namna mbili, na ya pili ndiyo tunayoipenda zaidi kwa mwambao.

Namna ya kwanza ni kupunguza muda. Pika siku ileile unayojaza chupa. Maji ya kimea yakiwa yanapoa, wewe unajaza chupa. Ukimaliza unachota mililita 200 za mashapo na kuziweka moja kwa moja kwenye ndoo mpya. Hamira haijalala hata saa tatu. Kama huwezi siku hiyo, friji iliyozimika haifunguliwi, na chupa za hamira zikae ndani ya deli dogo lenye chupa za maji yaliyoganda, deli likae ndani ya friji. Kwa nyuzi 30 rojo la hamira huanza kujila lenyewe ndani ya siku chache, na halifai tena.

Tatizo hili si geni. Mwaka 1845 Jacob Christian Jacobsen, ambaye miaka 2 baadaye alianzisha kiwanda cha Carlsberg, alibeba hamira ya lager kutoka Munich hadi Copenhagen kwa gari la farasi. Aliiweka kwenye makopo, na kila gari liliposimama alishuka kuyamwagia maji baridi. Hamira ilifika hai. Kitambaa kilicholowa na feni hufanya kazi hiyohiyo kwenye ndoo yako: kitashusha nyuzi chache, ingawa unyevu wa Dar hupunguza nguvu yake.

Namna ya pili ni kubadili hamira. Magharibi mwa Norway, sehemu za Voss na jirani zake, wakulima wametunza hamira wanayoiita kveik kizazi hadi kizazi, wakiikausha kwenye pete za mbao au vitambaa na kuirudia kila walipopika bia ya shambani. Hamira hii inapenda joto ambalo lingeharibu hamira nyingine. Ya Voss huchachusha vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40, humaliza kwa siku 3 hadi 5, na huacha harufu ya chungwa. Hamira ya kawaida ya bia kwenye nyuzi 30 hutoa harufu ya rangi ya kucha na kileo kinachochoma koo. Kwa mtu wa Dar, Tanga au Mombasa asiye na chumba cha baridi, hatuoni sababu ya kuhangaika na nyingine. Nayo siku hizi huuzwa kwenye pakiti kavu kama hamira nyingine za bia.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kuikausha mwenyewe, jambo ambalo hamira nyingi za bia hazilistahimili. Chota krimu nzito, imwagie kwenye karatasi ya kuokea na uitandaze iwe nyembamba, milimita 2 hivi. Iweke mbele ya feni ndani ya chumba chenye AC, imefunikwa kwa chandarua safi kisichoigusa, joto lisizidi nyuzi 37. Ukitumia oveni, washa taa yake tu, mlango wazi kidogo. Moto wa oveni, hata wa chini kabisa, unaiua. Baada ya siku moja au mbili inapasuka vipande vyenye rangi ya biskuti, ikivunjika kwa mlio mkavu. Ikipinda badala ya kuvunjika, bado ina maji. Msimu wa masika, kama huna AC wala oveni, usijaribu. Itaota ukungu kabla haijakauka.

Vipande vikae kwenye mfuko wa plastiki uliobanwa hewa, ndani ya friza. Huko hudumu mwaka na zaidi, na umeme ukikatika saa chache havidhuriki kwa kuwa ni vikavu. Siku ya kupika, loweka vijiko 2 vya chai ndani ya mililita 100 za maji ya kimea yenye nyuzi 35. Ndani ya saa moja au mbili utaona povu. Lisipotokea hadi jioni, usihatarishe ndoo nzima. Kveik inahitaji kiasi kidogo cha hamira lakini chakula kingi, kwa hiyo kile kijiko cha hamira ya mkate kwenye sufuria usikisahau.

*Kwetu mbege, pombe ya ndizi na ulezi, haiwekewi hamira ya dukani na inachacha vizuri. Je, masimbi ya mbege yanaweza kuchachusha bia ya shayiri?*
*— Msomaji, Moshi*

Yanaweza, ila utapata bia nyingine kabisa. Mbege inachachushwa na jamii nzima ya vijidudu inayotoka kwenye ulezi ulioota na kwenye vyombo vyenyewe: hamira za porini pamoja na bakteria wa maziwa na wa siki. Mchanganyiko huo ndio ladha ya mbege, na kwa kinywaji kinachonywewa ndani ya siku moja au mbili hauna ubaya wowote. Bia ya chupa inakaa wiki kadhaa, na katika muda huo bakteria hao hawalali. Inakuwa chachu, kisha siki, na chupa zinafurika ukifungua.

Ukitaka kujaribu, jaribu kwa lita 2. Chemsha maji ya kimea pamoja na hopsi hadi uchungu usikike wazi, yapoe, weka kijiko kimoja cha chakula cha masimbi, funga kwa kizibo cha hewa. Hopsi huwabana bakteria wengi wa maziwa, na kukosa hewa huwabana wale wa siki. Hamira za porini hazizuiwi na chochote kati ya hivyo. Ikimaliza, chukua kijiko cha mashapo yake ukaanzishe lita 2 nyingine za hivyohivyo, kisha mara ya tatu. Onja kila hatua. Ikinuka karafuu au tunda, endelea. Ikinuka siki au mpira ulioungua, mwaga. Ndoo na mipira ya plastiki uliyotumia kwa jaribio hili isirudi kamwe kwenye bia yako ya kawaida, kwa kuwa mikwaruzo ya plastiki huwaficha hao wadudu na hakuna sabuni inayowafikia.

*Hamira moja itumike mara ngapi? Na nitajuaje kwamba imeharibika kabla sijaharibu ndoo nzima?*
*— Msomaji, Kisumu*

Kwa nyumbani tunasema mara 5, na mtu mwangalifu sana afike 6 au 7. Hamira yenyewe haizeeki kwa haraka hivyo. Kinachotokea ni kwamba kila ndoo huongeza wageni kidogo, yaani vijidudu visivyotakiwa, na ukichota kwa kurudia kutoka tabaka lilelile unachagua bila kujua. Anayechota ya chini kabisa kila mara hujichagulia hamira inayozama mapema kabla ya kumaliza sukari. Anayechota ya juu kabisa hujichagulia isiyozama, na bia yake haitakati. Ndiyo maana tunasisitiza tabaka la katikati. Wageni nao si jambo la kubuni. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg, Emil Christian Hansen alionyesha kwamba hamira ya kiwanda ilikuwa imechanganyika na hamira za porini zilizoharibu bia, akaanza upya kwa kukuza seli moja tu. Wewe seli moja huwezi, lakini pakiti mpya ni kuanza upya kwa namna hiyohiyo.

Mpangilio wa bia una uzito kuliko hesabu. Anza na bia nyepesi, ya rangi ya dhahabu na hopsi chache, kisha ya kahawia, kisha nyeusi, kisha ile kali. Usirudi nyuma. Mashapo ya bia nyeusi hutia rangi na ladha ya kahawa kwenye bia ya dhahabu. Mashapo ya bia iliyozidi 1.070 yamechoshwa na kileo. Yale ya bia yenye hopsi nyingi sana yamefunikwa na utomvu wake, seli hazipati chakula vizuri. Na bia iliyokusumbua kwa jambo lolote, iwe imechelewa kuanza, imegota au ina ladha usiyoielewa, mashapo yake hayahifadhiwi.

Kuitambua iliyoharibika ni kazi ya pua. Hamira nzima hunuka kama mkate mbichi na bia. Ikijila yenyewe hunuka supu ya mchemsho au vile vipande vya mchuzi vya dukani, na rangi hugeuka kahawia. Harufu ya siki, maziwa yaliyolala au dawa ya hospitali ni wageni. Utando unaoelea juu kama ngozi ya chai ya maziwa ni wageni. Bia ya juu ikivutika kama mlenda unapoimimina, mwaga yote na chupa uichemshe. Na kabla ya kumimina rojo kwenye ndoo, onja ile bia uliyoimwaga juu yake. Ikiwa huwezi kuinywa, hamira iliyokaa chini yake haina haki ya kuingia kwenye ndoo yako.

*Huku kuna bia za chupa zenye mashapo chini. Naweza kukuza hamira kutoka humo?*
*— Msomaji, Minnesota, Marekani*

Ndiyo, mradi bia yenyewe ilimalizia kuchacha ndani ya chupa. Sierra Nevada Pale Ale inafaa sana kwa kuanzia: haina kileo kikubwa na hamira yake ni safi. Orval ya Ubelgiji iepuke kwa kazi hii, ina Brettanomyces ndani, aina ya hamira ya porini. Baadhi ya bia za ngano za Ujerumani huwekewa kwenye chupa hamira tofauti na iliyozichachusha, kwa hiyo unaweza kukuza usichokitarajia. Bia nyingi za viwandani, za huko na za Afrika Mashariki, zimechujwa na kupashwa moto. Hapo hakuna kilicho hai.

Nunua chupa 3 za tarehe ya karibuni, zisimamishe kwenye friji siku 3. Mimina unywe, acha sentimita 2 za mwisho. Pitisha mdomo wa chupa kwenye moto wa kiberiti, kisha unganisha mashapo yote kwenye mililita 100 za maji ya kimea dhaifu: gramu 5 za unga wa kimea, zimechemshwa dakika 10 na kupozwa. Udhaifu huo ni wa makusudi, kwa kuwa seli zimedhoofika na sukari nyingi zingezilemea. Weka mahali pa nyuzi 22 hadi 25, tikisa kila ukipita. Siku ya tatu ongeza nusu lita yenye gramu 50 za unga. Siku 2 baadaye lita moja na nusu yenye gramu 150. Acha izame kwenye friji, mwaga maji ya juu, chini utakuwa na rojo la kutosha ndoo. Kuruka hatua ya kwanza ndiko kunakowaangusha wengi. Hamira chache kwenye sukari nyingi huchelewa, na wageni hufika kabla yao.

*Mashapo yanayobaki nayaonea huruma kumwaga. Mke wangu anauliza kama yanafaa kwa mkate, na mimi nina nguruwe wanne.*
*— Msomaji, Mbeya*

Mwambie mama yanafaa. Uingereza waokaji walichukua hamira kwa wapika bia kwa karne nyingi, kabla hamira ya viwandani haijaenea. Kwa kilo moja ya unga, gramu 150 za krimu nzito zichukue nafasi ya pakiti, na maji yapungue kikombe nusu. Unga utachukua saa 3 au 4 kuumuka badala ya moja. Tumia mashapo ya bia yenye hopsi chache tu, kwa kuwa uchungu haupotei kwenye tanuri. Ni hapa pekee tunaporuhusu kuosha: korogea maji baridi, acha friji usiku mmoja, mwaga ya juu, uchungu utapungua.

Kwa nguruwe, yachemshe kwanza dakika 20 kamili. Hamira hai ikimezwa pamoja na pumba huendelea kuchacha tumboni, mnyama akavimba. Yakishapoa changanya kidogo kidogo kwenye chakula chao cha kawaida, anza na kikombe kimoja kwa wote wanne, na utazame siku mbili tatu kabla ya kuongeza.